Filamu za shule: kipaza sauti kwanza, kamera baadaye

Kila ufikapo msimu wa Tamasha za Kitaifa za Drama na Filamu, walimu wa shule za upili hapa Kisumu na kando ya ziwa, kuanzia Bondo hadi Homa Bay, hunijia na swali lile lile: watapata wapi kamera nzuri ya kukodi, na mtu wa kuishika? Huwa nawajibu kwamba sijui, na hata ningejua nisingewaambia. Jibu hilo limenipatia sifa ya ukali nisiyoistahili. Naomba basi nafasi hii nilieleze kwa utulivu.

Yapata mwaka mmoja uliopita nilialikwa katika shule moja, ambayo jina lake nalihifadhi, kuitazama filamu iliyoandaliwa kwa ajili ya tamasha. Picha zilipendeza mno. Jua lilizama ziwani kama katika kalenda za benki, na nyuso za wanafunzi ziling'aa. Hata hivyo, kamera ilikuwa imeshikwa na kijana wa kukodiwa kutoka Nairobi, uhariri aliufanya yeye usiku katika hoteli, na mswada ulinunuliwa kwa mtu ambaye hakuwahi kuzikanyaga fuo hizi. Wanafunzi walichangia nyuso tu. Tena walipovifumbua vinywa vyao hatukusikia neno. Tulichosikia ni upepo. Kipaza sauti kilikuwa kile kidogo kilichomo ndani ya kamera, nayo kamera ilisimama hatua kumi kutoka kwa mzungumzaji. Pesa za wazazi zilikuwa zimenunua machweo ya jua.

Mimi ni mwanaisimu, si mtengenezaji filamu, na labda msomaji atauliza nimetumwa na nani kuyaingilia mambo haya. Ni kazi yangu iliyonituma. Kwa miaka mingi nimekuwa nikirekodi masimulizi ya wazee katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, ambako Kisuba kinazidi kumezwa na Dholuo. Anayerekodi lugha iliyo hatarini hujifunza mapema kwamba sauti iliyoharibika haina dawa. Picha yenye giza mtazamaji huisamehe, akadhani hata ni mtindo. Maneno yasiyosikika humchosha kwa dakika mbili, kisha huondoka. Sababu yake ni ya kifizikia wala si ya uganga: penye uwazi, umbali kati ya kinywa na kipaza sauti ukiongezwa mara mbili, nguvu ya sauti inayokifikia hupungua hadi robo, ilhali upepo haupungui hata chembe.

Kwa lugha zetu hasara hiyo ni kubwa zaidi. Katika Dholuo, neno "tho" ni kifo, na "to" ni lakini. Kinachoyatenga ni mahali ncha ya ulimi inapogusa, kwenye meno au nyuma yake, na tofauti ndogo kama hiyo ndiyo ya kwanza kupotea penye kelele. Kidatu nacho hutofautisha tendo lililokamilika na lisilokamilika. Mwigizaji anaweza kuwa hodari kupindukia. Rekodi ikiwa mbovu, marehemu wake atageuka kiunganishi.

Sasa tuvuke mpaka wa Busia, twende Kampala. Katika mtaa wa mabanda wa Wakaliga, Isaac Nabwana amekuwa akitengeneza filamu za mapigano tangu 2005 kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe kutokana na vipuri. Bunduki na vifaa vingine huundwa kwa vyuma chakavu na fundi wake Dauda Bisaso. Filamu yao mashuhuri, "Who Killed Captain Alex?" ya mwaka 2010, inasemekana iligharimu chini ya dola 200, na imetazamwa na mamilioni duniani. Wengi huisifu kwa helikopta zake za kompyuta. Mimi hunivutia jambo jingine. Nakala asilia ya filamu hiyo ilipotea. Iliyosalia ni ile tu iliyotiwa sauti ya mfasiri wa vibanda vya video, VJ Emmie, anayewatania wahusika na kuwachochea watazamaji tangu mwanzo hadi mwisho. Dunia nzima haijaiona filamu hiyo bila sauti yake, na ninashuku kwamba isingeipenda nusu ya inavyoipenda.

Hilo halipaswi kutushangaza sisi wa Kenya. Nani katika vibanda vya video vya Kondele au Nyalenda asiyemjua DJ Afro, aliyewafanya mashujaa wa Hong Kong na Bombay waongee Kiswahili cha mitaani? Dar es Salaam nako alikuwapo Lufufu. Walimu wa Kiswahili huwabeza watu hawa kwa sababu hawazingatii usanifu. Ni kweli hawauzingatii. Lakini wamethibitisha, kwa kipaza sauti na kompyuta tu, kwamba mtazamaji wa huku huifuata sauti kwanza na picha baadaye.

Wala ubahili huu wa vifaa si jambo geni Afrika Mashariki. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza Notcutt na Latham walianzisha mradi wa filamu za elimu kwa ufadhili wa Shirika la Carnegie la Marekani. Kufikia 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35 za gharama nafuu kwa ukanda mwembamba wa milimita 16. Ili kubana matumizi, hawakuiweka sauti katika ukanda wenyewe. Waliirekodi katika sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha, kwa Kiswahili na lugha nyingine za wenyeji. Fikra zao kuhusu Mwafrika zilikuwa za enzi yao, na sina haja ya kuzitetea. Hata hivyo walitambua kwamba picha ni moja na lugha ni nyingi, na kwamba lugha inaweza kushughulikiwa peke yake. Walipokwama ni kwenye ubora wa sauti za sahani zile. Karibu karne moja baadaye, shule zetu zinakwama papo hapo, na zina simu ambazo Notcutt asingeziota.

Kwani simu ya mwalimu inatosha kuwa kamera. Simu ya pili, ikiwekwa mfukoni mwa mwigizaji pamoja na kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola, kinachouzwa kwa bei isiyofikia ya jozi ya viatu vya shule, ni kinasasauti kamili. Kabla ya kila onyesho mwanafunzi mmoja apige kofi mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri, mlio wa kofi utalinganishwa na picha ya viganja vikikutana, na sauti itakaa mahali pake. Kipaza sauti kivishwe sponji na kitambaa cha manyoya ili kuukata upepo. Penye wazungumzaji wengi, kifungwe kwenye ncha ya mwanzi mrefu na kuninginizwa juu ya vichwa vyao. Mandhari ya ndani yapigiwe bwenini, ambako magodoro hunyonya mwangwi, kuliko darasani chini ya mabati.

Upepo wenyewe una ratiba, na wavuvi wa Dunga wanaijua kuliko sisi wenye shahada. Usiku hadi alfajiri hutoka nchi kavu ukienda ziwani. Jua likishapasha ardhi joto hugeuka, na alasiri huvuma kutoka ziwani kwa nguvu. Mazungumzo ya ufukweni basi yarekodiwe asubuhi, katika utulivu wa kati. Alasiri ibaki ya picha zisizo na maneno.

Taa nazo tunazo tayari. Wavuvi wa omena huwavuta samaki kwa taa usiku. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Mbalamwezi inapokuwa kamili uvuvi wa omena husimama, kwa kuwa taa hazina mvuto tena, na kwa siku kadhaa taa hizo hukaa bure. Mwalimu mwenye adabu ya kuomba ataazimwa. Achague za betri lakini, maana karabai huvuma na mvumo wake utaingia katika kila neno. Stendi ya kamera itachomelewa na fundi wa jua kali pale Kibuye, na mfuko wa mchanga utaituliza. Mkokoteni uliopunguzwa upepo magurudumuni na kutiwa grisi utaibeba kamera vizuri sana ikimfuata mhusika. Vitu hivi vyote mwanafunzi anaweza kuvishika, kuvivunja na kuvitengeneza tena. Cha kukodi haruhusiwi hata kukigusa.

Nimeambiwa kwamba mashauri haya yatazinyima shule ushindi, kwa kuwa waamuzi hupumbazwa na picha safi. Pengine. Lakini "Nairobi Half Life" ya mwaka 2012, iliyoteuliwa kuiwakilisha Kenya katika tuzo za Oscar, iliwavuta watu kwa Kiswahili, Sheng na Kikuyu kama vinavyozungumzwa. Na filamu ya ziwa letu inayojulikana zaidi duniani, "Darwin's Nightmare" ya mwaka 2004, ilipigwa Mwanza na Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, kwa kamera ndogo na karibu bila wasaidizi. Iliteuliwa kuwania Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliilalamikia hadharani. Ikiwa mgeni mwenye kifaa kidogo anaweza kutusimulia biashara ya sangara, ambaye sisi humwita mbuta, hadi Ikulu itikisike, mtoto wa mvuvi wa Usenge anakosa nini? Hakosi kisa. Hakosi lugha pia, ila anapokabidhiwa mswada wa kununuliwa ambamo babu wa Seme anazungumza Kiswahili cha taarifa ya habari. Aachwe babu aseme Dholuo chake, tafsiri iandikwe chini ya picha na wanafunzi wenyewe. Somo la tafsiri lingepata uhai kuliko yale mazoezi tunayowapa vitabuni.

Kwa wasimamizi wa tamasha nina ombi moja. Filamu ikishaonyeshwa, na kabla ya alama kutolewa, waamuzi wamwite jukwaani mwanafunzi aliyeirekodi sauti na kumuuliza alikiweka wapi kipaza sauti, saa ngapi, na kwa nini. Asipokuwapo mwanafunzi wa namna hiyo, alama za ufundi zisitolewe, hata jua lizame kwa uzuri gani.