Makasha ya mchezo yakae mbali na alama za upimaji
Na Rehema Mbwambo

Mei 2000, mara tu serikali ya Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, Dave Ulmer alificha ndoo ya plastiki porini katika jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali ilipo. Ndivyo ulivyozaliwa mchezo wa jiokashi: mmoja anaficha kasha lenye kijitabu cha kusaini, wengine wanalisaka kwa kifaa cha GPS au simu. Baadhi ya wachezaji wa nchi hiyo hupenda kuyaficha makasha kando ya alama za upimaji, yaani zile sahani ndogo za chuma ambazo wapima ardhi wa serikali wamezipachika kwenye miamba na nguzo za zege. Mvuto wake unaeleweka. Alama ina historia, na mara nyingi iko kileleni penye mandhari ya kupendeza. Hata hivyo, naona ni heri alama ibaki kuwa mahali pa kusoma dokezo, na kasha lenyewe lifichwe kwingine.

Alama ya upimaji ina faida moja kubwa: haisogei. Anayeirudia baada ya nusu karne anategemea kuikuta palepale, maana tofauti ya milimita chache inatosha kumharibia hesabu ya mwinuko. Msakaji wa kasha hana usahihi huo. Simu yake hukosea kwa mita kadhaa, kwa hiyo inampeleka kwenye duara, naye ndani ya duara hilo anapindua mawe, anapekua vichaka na kuchokoa kila kilicholegea. Sasa tazama kilichomo humo. Kwenye kituo cha pembetatu kuna sahani yenye pembetatu ndogo na nukta katikati. Hatua kadhaa kutoka hapo huwapo sahani nyingine zenye mishale inayoielekea, ili ya kwanza ikipotea mahali pake pajulikane. Vituo vingi vina hata alama ya pili iliyofukiwa chini ya ile inayoonekana. Asiyeyajua hayo ataona vyuma na zege kuukuu tu. Mgeni mmoja huenda asiharibu kitu, lakini kasha huwekwa ili litembelewe na watu miaka nenda miaka rudi.

Sheria nayo ipo. Nchini Marekani, kuharibu au kung'oa kwa makusudi alama ya upimaji wa serikali ni kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miezi sita. Msomaji wa huku kwetu, anayejua ugomvi unaozuka bikoni ya kiwanja ikisogezwa, hatashangaa.

Wapo watakaosema alama hizi zimepitwa na wakati kwa kuwa setilaiti zimechukua kazi yake. Ni kweli kwamba upimaji wa leo hutegemea setilaiti, lakini setilaiti haiwezi kurudi nyuma kupima jana. Katika bonde la San Joaquin, California, ardhi iliyonyonywa maji kwa ajili ya kilimo ilididimia kwa zaidi ya mita 8 katika miongo ya katikati ya karne ya 20. Wataalamu waliufuatilia mdidimio huo kwa kurudia vipimo kwenye alama za zamani. Alama iliyong'olewa inaondoka na kumbukumbu ya namna hiyo.

Wengine watanikumbusha kwamba kanuni za mchezo zinakataza kuchimba. Zinakataza, naam, lakini anayezisoma kwa makini ni mfichaji anayetaka kasha lake likubaliwe. Msakaji aliyezunguka saa nzima bila kuona kitu hajui kama kilichofichwa kiko juu ya jiwe au chini yake, na ukaribu wa alama humfanya aishuku alama yenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wachezaji ni msaada. Tovuti kuu ya mchezo huu iliwahi kuorodhesha zaidi ya alama 700,000 za Marekani ili watu wazitafute, na rekodi za mamlaka ya taifa ya upimaji zina taarifa nyingi za hali ya alama zilizoletwa na wachezaji. Hilo nalikubali bila kusita. Ila msaada huo ulitokana na kuitafuta alama, kuipiga picha na kuandika taarifa. Haukuhitaji kasha hata moja.

Kwa hiyo utaratibu ni rahisi. Mchezaji aelekezwe kwenye sahani, asome mwaka uliochongwa juu yake, kisha atumie tarakimu hizo kukokotoa mahali kasha lilipo, mbali na sahani zote za mishale. Maelezo yaseme wazi kwamba hakuna kilichofichwa kwenye alama wala kandokando yake. Wanaopitisha makasha mapya wadai sharti hilo kila alama ya upimaji inapotajwa, na lisipotimizwa, kasha lisipitishwe.