Msomi arudipo kutoka ughaibuni naye apewe jembe

MNAMO Juni 2025, karibu wanachama wote wa bodi inayosimamia mpango wa Fulbright nchini Marekani walijiuzulu. Walilalamika kwamba utawala wa Rais Donald Trump ulikuwa umewanyima ufadhili baadhi ya wasomi waliokwisha kuteuliwa.

Mkenya wa kawaida huenda akaiona habari hiyo kuwa ya mbali. Hata hivyo, inawagusa moja kwa moja walimu na watafiti wetu wa Kiswahili.

Mpango huo uliasisiwa mwaka wa 1946 kwa juhudi za Seneta J. William Fulbright. Fedha zake za mwanzo zilitokana na mauzo ya mali ya vita iliyobaki ng'ambo, na shabaha ilikuwa kuyafanya mataifa yafahamiane. Miongoni mwa wanaonufaika nao ni vijana wa Kenya wanaokwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, huku nao wakisoma kozi kadhaa.

Ugenini, mengi humpindukia mwalimu huyo. Aliyezoea kuamkiwa kwa heshima huitwa kwa jina lake la kwanza, na mwishoni mwa muhula wanafunzi humtathmini kwa maandishi. Huulizwa kwa nini tunasema "kiti kimeanguka" lakini "kipofu ameanguka", ilhali maneno yote mawili yanaanza kwa ki-. Kanuni aliyoitumia tangu utotoni sasa hana budi kuieleza.

Akiwa mzawa wa bara, pengine hakuwahi kusema "shikamoo" nyumbani. Darasani analazimika kuifundisha na kufafanua ni nani humwamkia nani, Pwani na Tanzania. Hapo ndipo anapotambua kwamba amebeba lugha ya eneo zima, si ya Kenya pekee.

Ujuzi huo ni hazina. Swali ni je, unaishia wapi?

Wapo waliorudi wakaifaa nchi. Mwaka wa 2002, marehemu Profesa Wangari Maathai alikuwa msomi mgeni katika Chuo Kikuu cha Yale. Desemba ya mwaka uo huo alichaguliwa kuwa mbunge wa Tetu. Lakini si kila msomi ana jina la kumfungulia milango.

Masharti ya viza ya Marekani huwataka wengi wanaofadhiliwa na serikali kurejea makwao kwa miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu. Sharti hilo linaweza kumrudisha msomi. Haliwezi kumtafutia kazi inayolingana na alichojifunza.

Upungufu wa pili ni kwamba mabadilishano haya yanaegemea mfuko wa upande mmoja. Anayelipa ndiye anayeamua nani aende, na siku akibadili nia, sisi hatuna la kufanya. Hata miswada ya tenzi zilizotungwa Lamu na Mombasa, sehemu kubwa imehifadhiwa SOAS, London. Ingawa baadhi sasa inasomeka kwenye intaneti, anayetaka kuishika kwa mkono hana budi kusafiri.

Tangu UNESCO iitangaze Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka wa 2021, hotuba za kuisifu lugha hii hazijakosekana. Hotuba hazimlipii msomi nauli.

Serikali na vyuo vikuu vinaweza kuanza na yasiyo ghali. Mwalimu anayerejea apewe muhula mmoja wa kuwanoa wenzake katika mbinu za kufundisha Kiswahili kwa wageni. Wahadhiri wabadilishane vituo na wenzao wa Dar es Salaam na Zanzibar, ambako safari haihitaji idhini ya Washington. Na mtafiti wa kigeni anayekuja Lamu au Mombasa aombwe kufundisha, si kukusanya data tu kisha aondoke.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walinena wahenga. Wasomi wetu hukabidhiwa jembe ugenini tangu siku ya kwanza, na hulilima shamba la wenyewe vilivyo. Wakirudi kwao, hawapaswi kukosa hata mpini.