Tuimbe, Lakini Tubebe na Mfuko

Vijana wenzetu wa Nyarugusu na wa kambi zingine, leo tunaanza kwa kuungama.

Siku moja ya mgao tulikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Pale barabarani tulimwona bibi mmoja amekaa juu ya mfuko wake wa unga. Tulipoanza wimbo wa kwanza alikuwepo. Tulipomaliza wa tano bado alikuwepo. Kijana wa baiskeli alitaka alipwe kwa unga, na bibi alijua mgao umepungua, hautafika mwisho wa mwezi. Sisi tulikuwa watu ishirini wenye mabega mazima, tunaimba upendo wa Mungu. Hakuna aliyetoka.

Tangu hapo swali halijatuacha: imani yetu inamfaa nani?

Tumezoea kusema, "Sisi wenyewe ni wakimbizi, tutamsaidia nani?" Tuseme ukweli, maneno hayo yana uzito. Kambi hii ipo tangu 1996. Wengi wetu tumezaliwa humu humu na tumekulia kwenye foleni, na foleni inamzoesha mtu kupokea tu. Lakini Msamaria wa Luka 10 naye alikuwa safarini, tena wa kabila lililodharauliwa. Hakumuuliza majeruhi dini yake. Alitumia mafuta yake, mnyama wake na pesa yake. Na Yesu mwenyewe, Mathayo 2 inatueleza, alichukuliwa usiku kwenda Misri kumkimbia Herode. Alikuwa mtoto mkimbizi! Basi ukimbizi hautupi ruhusa ya kukaa tu.

Sasa siku ya mgao hatufanyi mazoezi. Tunabeba mizigo ya wazee, wajawazito na wenye ulemavu, bure. Kijana wa baiskeli alilalamika kwamba tunamharibia kazi. Ana haki, naye anatafuta chakula. Tulikaa naye tukaelewana: wenye nguvu wataendelea kumlipa, wasiojiweza tutawabebea sisi. Siku hizi na yeye akimaliza safari zake anatusaidia mbili tatu.

Wakubwa wengine kanisani walituuliza mbona tunambebea mpaka mzee Mwislamu, wakati wa kwetu wapo. Tuliwajibu kwa heshima: wazee wetu, mzigo hauna dhehebu. Hatukumwomba mzee yule aje kusali kwetu. Huduma yenye masharti ni biashara, na afadhali ya baiskeli, maana bei yake inajulikana mapema.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, tunawashukuru. Ila msituone kama majina kwenye orodha tu. Mkipanga kazi, tuulizeni. Sisi ndio tunajua nani analala peke yake na nani hawezi kutembea mpaka kwenye mgao. Na tafadhali, picha isitangulie msaada. Bibi ana heshima yake.

Kwaya yetu ipo, Jumapili tunaimba kama kawaida, na sauti hazijaharibika kwa kubeba. Wewe msomaji, mgao ujao, kabla hujaondoka na mfuko wako, geuka uangalie nyuma. Kuna mtu amekaa juu ya wake?