Ile foto ya nkambo mwenye bunduki



Kijana mmoja wa Likasi ameniuliza hivi: nyumbani kwao kuko foto ya zamani, nkambo wao amesimama na bunduki, fezi kichwani. Wajomba wanasema alipigana Tabora. Mama ya huyu kijana, ndiye binti wa mwenye foto, amezeeka sasa, naye anataka kujua mbele ya kuondoka: baba yake alikuwa askari wa kikosi gani?

Kijana, anza na miaka, foto itafuata. Force Publique iliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, Jenerali Tombeur akiwa mkubwa wao. Unasema nkambo alizaliwa karibu na 1915. Basi wakati ule alikuwa mtoto wa mgongoni! Tafuta katika vita ya pili: Asosa na Saïo, inchi ya Etiopia, mwaka 1941, ao wale waliotumwa Nigeria na Misri nyuma yake. Wajomba wasikasirike. Habari za Tabora zilisikika sana katika vijiji, na kila askari mzee akahesabiwa kuwa wa Tabora.

Kisha geuza foto. Pengine utaona jina la mji, mwaka, ao matrikili kwa penseli. Ikiwa imebandikwa kwenye karton, usiivute, itapasuka.

Sasa bunduki. Albini ya zamani, ambayo askari wengi walikuwa nayo 1914, ilipokea risasi moja moja, haina sanduku la risasi. Mauser ya Ubelgiji ina kisanduku cha chuma kinachotokea chini, mbele ya mahali pa kufyatulia. Hiyo inaonekana vizuri hata katika foto iliyochakaa. Lakini rangi ya fezi isikudanganye: filimu za zamani ziligeuza nyekundu kuwa nyeusi. Na zile galons za mkono zinaonyesha cheo tu, hazisemi batayo. Watu wengi wanakosa hapo.

Kama kuna medali, itazame kwa kioo cha kukuza. Ile ya vita vya Afrika 1914-1917 yenye kipande kilichoandikwa MAHENGE inaonyesha mwenyewe alikuwa katika safari ya 1917.

Tena, si kila nkambo wa Katanga alikuwa askari wa Wabelgiji. Wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland kufanya kazi ya Union Minière. Batayo ya 1 na ya 2 za King's African Rifles ziliandika watu wa Nyasaland, na namba ya batayo ilikuwa kwenye kofia. Kwa hiyo, ukiona namba mbele ya kofia, uliza kwanza familia ilitoka wapi.

Na kama hana bunduki wala kofia? Labda alikuwa mchukuzi. Katika vita ya kwanza watu zaidi ya 200,000 wa Kongo walibeba mizigo ya jeshi. Kuna familia zinaona haya kusema hivyo. Mimi sioni haya iko wapi: askari hawangefika Tabora bila chakula na risasi za wale watu, na wengi walikufa njiani. Lakini mchukuzi hakuwa na batayo, usimtafutie.

Kwako kijana: piga kopi ya foto, mbele na nyuma. Andika kwa Archives de l'État kule Bruxelles, ndiko zilihamishiwa Archives africaines. Taja kijiji, chefferie na matrikili kama iko. Ila kwanza keti na mama, umuulize majina yote ya baba yake, hata lile la utoto, maana mzungu mwenye kuandika askari aliandika jina vile alivyolisikia.