Safina ya Mto



Juma lililopita nilialikwa Kitengela kufungisha nikaha. Wenyeji wangu ni watu wa Malindi waliohamia Kajiado kwa ajili ya kazi, na karamu yao ilikuwa ya Kipwani hasa. Pilau ililiwa katika sahani za plastiki, na kila mgeni akapewa chupa yake ya maji. Baada ya dua, vijana wakakusanya taka katika magunia, wakazimwaga kwenye korongo nyuma ya ua. Niliwaona, nami nimekaa mkekani nangojea kahawa, wala sikusema neno.

Aliyesema ni nyanya yake bwana harusi, mwenyeji wa Mambrui. "Wajukuu zangu," alisema, "mwanitangulizia taka nyumbani." Watu wakacheka. Nilicheka nami, kisha maneno yale yakanikaa moyoni njia nzima.

Kwani bibi alisema kweli tupu. Makorongo ya Kitengela humiminika katika Mto Kitengela, nao huingia Athi. Athi hukata nyika ya Tsavo, ukaitwa Galana, na mwisho ukaitwa Sabaki, unaoingia baharini baina ya Malindi na Mambrui. Mdomoni mwake mna michu. Mti huu huota katika tope lisilo na hewa, kwa hiyo huinua juu ya tope vijizizi vilivyosimama kama vidole, na kwa hivyo ndivyo unavyovuta pumzi. Plastiki ikinasa pale na kuvifunika, mti hukosa pumzi na huenda ukafa. Na penye mikoko ndipo kamba na kaa hulelea watoto wao.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na nafuu imeonekana. Chupa hazimo katika marufuku hiyo. Mvua kubwa ikinyesha Kajiado, korongo husafishwa likang'aa, nasi tukadhani taka zimekwisha.

Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano wa jahazi: abiria wa chini walitaka kutoboa mbao wapate maji bila ya kuwaudhi walio juu, na lau wangeachwa, wote wangeangamia. Katika safina yetu hii, walio juu ndio wanaotoboa. Na mfano ule hauwalaumu watobozi peke yao. Humgusa pia anayetazama akanyamaza, naye siku ile alikuwa mimi.

Nilimpigia simu baba wa bwana harusi. Hakukasirika. Alinieleza kuwa gari la taka halifiki mtaani kwao, na huo ni udhuru wa haki. Hata hivyo nilimkumbusha kuwa wazee wetu walikula wanne wanne katika sinia moja, na maji yakanywewa kwa kata. Mwezi ujao ana walima wa mwanawe mdogo. Ana masinia sita. Nimemwahidi kuja na yangu manane.

Wassalaam.