Huduma za Vijana: Zinatujenga au Zinatubomoa?

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Mzazi anaijua methali hii, mwalimu anaijua, na wahubiri wa siku hizi wanaijua kutushinda sisi sote. Ndiyo maana huduma za vijana zimechipuka mitaani kama uyoga baada ya mvua. Nyingine hukutana kanisani, nyingine katika vibanda vya mabati, nyingine katika kumbi za kukodi, na nyingine huingia hadi shuleni kwa ile inayoitwa wikendi chalenji. Wanaotafutwa ni sisi, watoto wa miaka 12 hadi 17.

Katika makala haya nataka kuuliza swali moja tu. Je, mtoto anapoambiwa akeshe, afunge, atoe pesa na aweke ahadi mbele ya umati, ana uwezo wa kukataa? Mimi naona hana. Na kama hana, basi ni wajibu wa watu wazima kumwekea mipaka.

Kabla hujakunja uso ukadhani ninaipiga vita dini, ngoja kidogo. Mimi ni mwanakwaya tangu nilipokuwa darasa la nne, na Jumapili hunikosi. Sikatai kwamba huduma hizi zimewafaa wengi. Hapa mtaani kwetu kuna vijana walioacha bangi na chang'aa kwa sababu alitokea mtu akawaita kwa majina yao, akawafundisha kupiga gitaa na kuwauliza kama wamekula. Mtoto ambaye nyumbani hana wa kuzungumza naye, akipata watu wa kumwita ndugu, atawafuata tu. Anayetaka kulizungumzia jambo hili kwa haki lazima aanzie hapo, la sivyo vijana hawatamsikiliza ng'o!

Shida ni kwamba mambo hayaishii kwenye gitaa.

Sisi wa shule ya kutwa tuna mwanya ambao wenzetu wa bweni hawana. Wao wana kengele ya kulala na mwalimu wa zamu. Sisi kengele ya mwisho ikilia jioni, hakuna mwalimu anayejua tulipo mpaka kesho yake asubuhi. Mzazi huambiwa, "Tuko kwa masomo ya ziada." Mwalimu naye akimwona mtu anasinzia darasani hudhani alikuwa akidurusu usiku. Kesha hupenya katika mwanya huo. Huanza na Ijumaa moja kwa mwezi, ikawa kila Ijumaa, ikawa na Jumatano pia, halafu utasikia ni siku saba mfululizo. Wataalamu wa afya wanasema kijana wa umri wetu anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila usiku. Sasa yule anayetoka keshani saa kumi na moja alfajiri na kufika paredi saa moja, amelala saa ngapi? Hesabu hii haihitaji kalkuleta.

Baada ya kesha huja kufunga. Kuna wenzetu wanaoambiwa wafunge siku tatu bila chakula wala maji, na huku wana vipindi tisa kwa siku na mwendo wa kilomita kadhaa kwa miguu. Baada ya kufunga huja "kupanda mbegu". Mwanafunzi hana mshahara, jamani! Mbegu anayoipanda ni pesa za githeri ya mchana, nauli ya matatu, au sehemu ya karo aliyopewa ailipe benki. Mama ameziuza sukuma wiki jua kali akazipata zile shilingi, na hajui zimepandwa shamba gani.

Muhula wa pili mwaka jana, msichana tunayeketi naye dawati moja aliingia katika huduma ya aina hii. Jina lake sitalitaja, ila nimemwomba ruhusa na akanipa niandike. Yeye ana pumu, na tangu darasa la tatu hutembea na kidude chake cha kuvuta dawa. Usiku mmoja wa kesha aliitwa mbele, akaombewa, akaambiwa amepona. Akatakiwa akiweke kile kidude chini mbele ya watu kama ushuhuda. Akakiweka. Jumanne iliyofuata, tukiwa katika kipindi cha Kemia, pumzi zilimkata. Midomo ilibadilika rangi. Mwalimu alimbeba mpaka kwenye gari na kumkimbiza hospitalini, na kwa rehema za Mungu akapona. Mama yake alipofika alikuwa akiuliza swali lile lile, "Mbona hakuvuta dawa yake?" Hakuna aliyekuwa na jibu la kumpa.

Baadaye nilimuuliza rafiki yangu, "Kwani hukuweza kukataa?" Akaniangalia akasema, "Ningekataa vipi na watu wote wamesimama wananipigia makofi?"

Ndugu msomaji, jibu lile ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mtu mzima akisimama mbele ya umati akaahidi kitu, kesho anaweza kufikiri upya, akaenda zake, hata akahamia kanisa lingine. Mtoto wa miaka kumi na minne ataenda wapi? Ni saa tisa usiku, ana njaa, ana usingizi, rafiki zake wote wako hapo, na anayemwagiza ni mtu mzima anayesema kwamba ametumwa na Mungu. Tumelelewa tangu utotoni tusiwabishie wakubwa. Mtoto wa namna hiyo akisema "ndiyo", ile ndiyo yake haina uzito wowote. Asimame mtu aniambie kwamba alichagua!

Viongozi wa huduma hizi wana hoja yao, na ni haki tuisikilize. Wao husema kwamba Mungu huwaita watoto pia. Samueli aliitwa akiwa kijana mdogo, na Yesu alikuwa na umri wa miaka 12 alipobaki hekaluni. Hayo ni kweli, yamo katika Biblia. Lakini hebu tuisome habari ile mpaka mwisho. Yule mtoto wa miaka 12 hekaluni alikuwa akifanya nini? Alikuwa ameketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Nao walimjibu, hawakumfukuza kwamba ana roho ya ubishi. Kisha wazazi wake walipomjia alirudi nao nyumbani na kuwatii. Katika huduma nyingi za leo mtoto anayeuliza swali huambiwa ana pepo, na mzazi anayekuja kumtafuta mwanawe huitwa adui wa wokovu.

Isitoshe, dini zilizokaa miaka mingi zenyewe zimeweka vipimo. Katika Uislamu mtoto ambaye hajabaleghe halazimiki kufunga Ramadhani. Huzoeshwa kidogo kidogo, na mgonjwa ana ruhusa ya kula. Katika Kanisa Katoliki, sheria ya kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu humbana mtu kuanzia umri wa miaka 18 hadi atimize 59, na hata huyo huruhusiwa mlo mmoja kamili kwa siku. Kutokula nyama ndiko kunakoanza katika umri wa miaka 14. Wazee wa dini hizi walijua kwamba mwili wa mtoto bado unajengwa. Je, huduma iliyoanzishwa juzi katika ukumbi wa kukodi inajua nini zaidi yao?

Kuna watakaosema ninatia chumvi. Nao nawakumbusha Shakahola. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, makaburi yalianza kufukuliwa, na hatimaye miili zaidi ya 400 ikatolewa. Hao walikuwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, na wengi wanaaminika walifunga hadi kufa. Baadhi ya waliokuwa wafuasi wake walisimulia kwamba watoto ndio waliopangiwa kutangulia. Februari 2024 Mackenzie na wenzake walifikishwa mahakamani Malindi kwa mashtaka ya mauaji ya watoto 191. Yeye alikana mashtaka hayo. Watoto 191 ni kama madarasa manne ya shule hii, toka dawati la kwanza hadi la mwisho.

Sisemi kwamba kila huduma ya vijana ni Shakahola. La hasha! Ninachosema ni kwamba Shakahola haikuanzia msituni. Mhubiri yule alikuwa akijulikana kwa kuhubiri dhidi ya shule na hospitali, na mwaka wa 2017 alikamatwa Malindi kuhusu mambo hayo hayo ya watoto kukosa shule. Dalili zilikuwapo miaka sita mapema. Kwa hivyo mtoto akiambiwa aache dawa, aache masomo na amfiche mzazi wake, hiyo ni dalili, na dalili haingojewi mpaka iwe maiti.

Wengine watasema Katiba inatupa uhuru wa kuabudu. Naam, kifungu cha 32 kinasema hivyo. Lakini kifungu cha 53 cha Katiba hiyo hiyo kinampa kila mtoto haki ya elimu, lishe, matibabu na kulindwa asidhulumiwe, na kinasema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yatakayotangulizwa. Uhuru wa mhubiri hauwezi kulipiwa kwa mapafu ya mtoto wa mwingine.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo machache.

Kwanza, mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 asihudhurie kesha bila mzazi wake au mtu aliyeteuliwa na mzazi, na usiku wa kuamkia siku ya shule kusiwe na kesha la wanafunzi kabisa.

Pili, mtu yeyote asimwagize mwanafunzi kufunga wala kuacha dawa. Anayetaka kumwombea mgonjwa na amwombee, lakini kauli ya kuacha dawa ni ya daktari.

Tatu, wageni wanaokuja kuhubiri shuleni waandikishwe ofisini, na mwalimu mlezi aketi nao toka mwanzo hadi mwisho. Asiwaachie ukumbi akaenda kunywa chai. Pesa zisichangishwe kwa wanafunzi.

Nne, walimu wetu wapendwa, mkimwona mtu anasinzia kila Alhamisi, msikimbilie kumwadhibu. Muulizeni alilala wapi. Ninyi wazazi nanyi, mtoto akisema yuko kwa masomo ya ziada, pigieni shule simu. Simu moja tu ingetosha kuuziba ule mwanya wetu wa shule ya kutwa.

Nanyi wanafunzi wenzangu, jipimieni wenyewe. Uliza swali keshani uone kama utajibiwa au utaombewa. Sema, "Nitamweleza mama kwanza," uone nyuso zao zitakuwaje. Kiongozi mwema atakwambia, "Nenda ukamweleze, mwambie nitakuja kumwona." Akikukataza kumwambia mama, chukua mkoba wako uondoke, hata kama makofi yanapigwa.

Rafiki yangu siku hizi ana kidude chake mfukoni na bado anasali. Tena ni yeye aliyenisahihisha nilipoandika makala haya, akaniambia nisisahau kuandika kwamba watu wale walimpenda. Nimeandika. Wangempenda zaidi kama wangemwacha apumue.