Mzani ukigoma, chai ya staa haitausukuma

Leo tuongee kitu kinachowatesa dada zetu wengi (na makaka pia, ila nyie huwa hamsemi).

Mmeona wiki hii yule dada wa bongo movie alivyoshambuliwa. Miezi mitano katuwekea picha ya mzani kila Jumatatu, kutoka kilo 96 mpaka 83, anahesabu kalori zake, watu wanampigia makofi. Sasa wiki ya sita mzani umegoma pale pale 83. Maneno yakaanza: kashindwa huyo, karudia chipsi, mvivu. Juzi katangaza anashuka mpaka kalori 700 kwa siku. Na hapo hapo kaibuka staa mwingine anamuuzia chai ya kupunguza tumbo.

Jamani, mi hapa nakataa.

Daladala ikishusha abiria inakula mafuta kidogo, si ndio? Na mwili ni hivyo hivyo. Kilo 13 alizotoa ni kama ndoo ya maji aliyokuwa anatembea nayo mchana kutwa, anapanda nayo ngazi, analala nayo. Ndoo imeshuka, mwili unatumia kalori chache. Kwa hiyo chakula kile kile kilichompunguza mwezi wa kwanza, mwezi wa tano kinaweza kuwa ndicho kinachomshikilia alipo. Hajaiba chochote.

Tena ukijikata sana mwili unabana matumizi zaidi. Marekani kulikuwa na shindano la runinga lililoitwa The Biggest Loser, watu walikuwa wanapunguzwa kilo nyingi haraka haraka. Watafiti wakawafuatilia washiriki 14, matokeo yakatoka 2016. Miaka sita baada ya shindano, miili yao ilikuwa bado inatumia wastani wa kalori kama 500 kwa siku pungufu ya ilivyotegemewa kwa watu wa uzito ule. Na wengi kilo zilisharudi.

Halafu kuna hesabu yenyewe. Mwaka 1992 New York walipimwa watu waliokuwa wanalia kwamba wanakula kidogo na hawapungui. Ikaonekana wanaandika pungufu kwa karibu asilimia 47 ya wanachokula kweli. Siwaiti waongo! Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120. Ukiandika chapati moja kwenye simu inakupa namba safi kabisa, lakini simu haijui mama ntilie wako kamimina vijiko vingapi. Haijui mchicha una nazi ya aina gani. Haijui na ile nyama uliyoonja ukiwa jikoni. Mwanzoni mtu anapima kila kitu, mwezi wa tano anakadiria kwa macho, ni kawaida.

Na maji nayo yanacheza na mzani. Ukila chumvi nyingi, siku zako zikikaribia, usipopata choo, kilo moja au mbili zinapanda na wala sio mafuta. Ndio maana wiki moja ya kugoma haina maana yoyote. Sita, sawa, kagua hesabu.

Sasa ile chai. Nyingi zina sanamaki, ambayo bibi zetu wanaijua ni dawa ya kuharisha. Inafanya kazi utumbo mpana, wakati kalori zimeshanyonywa zamani huko juu. Unachotoa ni maji na hela yako. Staa anayeiuza ana mpiga picha, ana nguo ya kubana tumbo, na analipwa.

Kalori 700 ndio zinanitisha zaidi. Msomaji mmoja aliniandikia akiwa anakula yai na matango tu: nywele zinatoka kwenye kitana, hedhi haijaonekana miezi mitatu, na saa nane usiku anajikuta kwenye sufuria la wali. Hapo sio mazoezi tena, hapo ni kwenda kumuona daktari.

Ningekuwa rafiki wa yule dada ningemwambia arudi jikoni mwenyewe, apime mafuta kwa kijiko kwa mwezi mmoja, aongeze maharage na dagaa vinavyoshibisha, atembee zaidi, na kiuno apime kwa ile futi ya fundi cherehani. Au akae tu na 83 yake kwa muda. Madaktari wanasema hata kupungua asilimia 5 mpaka 10 kunasaidia presha na sukari, na yeye kashapita hapo. Kukaa miezi sita bila kurudisha hata kilo mbili ni kazi, tena kubwa, ila haina picha ya kuweka Jumatatu.

Na nyie mnaomwandikia mvivu, nyie mna kilo ngapi?

Haya, uwanja wenu. Wako uligomea wapi, na ulifanyaje?